Maswali na Majibu: Fundi wa Piano Kwanza, Mabango Baadaye

Maswali mengi ya safari hii yanatoka kwa watu wa idara za muziki vyuoni na wasikilizaji wao, wakati misimu ya maonyesho ya piano inapangwa. Mengine yanahusu madarasa ya umahiri, yale ambayo mwanafunzi hupiga mbele ya watu na mpiga piano mgeni akamsahihisha hapo hapo.

Idara yetu iko Dar es Salaam. Kati ya Machi na Juni tuna maonyesho manne ya piano na madarasa mawili ya umahiri. Bajeti ina fedha za kutuni piano, yaani kurekebisha mkazo wa nyuzi ili sauti zipatane, mara moja tu. Tutuni mwanzoni mwa msimu au tumngoje mgeni mkubwa wa Mei? (Mratibu)

Yote mawili ni makosa. Piano ya jukwaani hutuniwa kwa kila onyesho, na kwa kila darasa la umahiri. Kama fedha zinatosha mara moja, basi mna fedha za onyesho moja. Punguzeni maonyesho, au chukueni fedha kwenye fungu jingine. Bajeti za misimu hii zinafanana: mabango ya rangi, fulana, chakula cha wageni waalikwa, maua ya jukwaani. Fundi wa piano huwekwa mstari wa mwisho, na akikatwa hakuna anayelalamika mpaka mgeni akae kwenye benchi.

Sababu ni hii. Piano kubwa ya jukwaani ina nyuzi kama 230, na jumla ya mvuto wake inakaribia tani 20. Sauti inakuzwa na ubao mpana wa mti wa sprusi ulio chini ya nyuzi hizo, na ubao huo hunywa unyevu wa hewa. Masika ikianza unavimba, unasukuma daraja linalobeba nyuzi, nyuzi zinakazika, sauti inapanda. Haipandi kwa usawa. Vibonye vya katikati hupanda zaidi, besi kidogo tu. Ndiyo maana piano iliyotuniwa vizuri mwanzoni mwa Machi inaweza kufika Aprili haipatani tena yenyewe kwa yenyewe, ingawa hakuna aliyeigusa.

Adui mkubwa zaidi ni kiyoyozi kinachowashwa saa moja kabla ya watu kuingia na kuzimwa wakiondoka. Ukumbi wenye unyevu wa asilimia 80 unakaushwa ghafla, fundi ametuni asubuhi kwenye hewa moja, mgeni anapiga jioni kwenye hewa nyingine. Nunueni kipima unyevu, kiwekeni karibu na piano, na mtu mmoja aandike namba asubuhi na jioni. Lengo ni asilimia 45 hadi 50. Mkishindwa kufika huko, ukumbi unaokaa kwenye 60 mchana na usiku ni bora kuliko unaoruka kati ya 50 na 85. Mashine ya kupunguza unyevu inayofanya kazi muda wote ndani ya chumba kilichofungwa inasaidia kuliko kiyoyozi cha masaa mawili.

Ratiba ya siku ya onyesho iwe hivi. Piano iwe mahali pake jukwaani tangu jana yake, magurudumu yamefungwa. Asubuhi fundi apewe masaa mawili na nusu ya ukimya kamili: hakuna kufagia, hakuna kupanga viti, hakuna kujaribu maikrofoni. Taa za jukwaa ziwake wakati huo huo, kwa sababu joto lake nalo hubadilisha nyuzi. Kisha mgeni afanye mazoezi. Fundi arudi dakika 45 kabla ya milango kufunguliwa, na abaki mpaka mapumziko ili aguse nyuzi zilizolegea.

Na kama piano haijatuniwa kwa mwaka mzima na sauti imeshuka mbali na A ya 440 (sauti ya kupimia, mitetemo 440 kwa sekunde), msimwite fundi siku ya onyesho. Akiipandisha yote kwa mara moja haitakaa. Aipandishe wiki mbili kabla, arudi wiki moja kabla, kisha aje siku yenyewe.

Kutuni ni nyuzi tu. Vibonye vinavyonata baada ya mvua, kwa sababu vitambaa vya sufu vilivyo ndani vimevimba, na nyundo zinazogonga nyuzi, zilizochimbika mpaka sauti inakwaruza, hizo ni kazi nyingine mbili. Mpeni fundi siku nzima kwa ajili yake kabla msimu haujaanza.

Nikae upande gani wa ukumbi? (Iringa)

Kushoto ukitaka kuona mikono, katikati kuelekea kulia ukitaka sauti. Safu ya kwanza iache, utasikiliza tumbo la piano.

Shikamoo mwalimu. Nimechaguliwa kupiga kwenye darasa la umahiri, zimebaki wiki tatu. Kipande changu kina dakika 12 na ukurasa wa mwisho bado haujakaa mikononi. Nikazane au nibadilishe? (Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Nairobi)

Marahaba. Badilisha leo. Darasa la umahiri si mahali pa kumaliza kujifunza noti. Mgeni amesafiri ili akuonyeshe yaliyo juu ya noti: uzito wa mkono, pumzi ya sentensi ya muziki, pedali zinazokanyagwa kwa mguu, uwiano wa sauti. Ukienda na noti zisizokaa, dakika zako zote zitaishia kwenye vidole, na ushauri huo ungeupata kwa mwalimu wako bila kiingilio.

Hesabu muda. Mara nyingi mwanafunzi hupewa dakika 30. Kipande cha dakika 12 kinakuachia 18, na humo mgeni anazungumza, anaonyesha, nawe unajaribu. Chukua sehemu moja ya sonata (kipande kirefu chenye sehemu kadhaa) au kipande cha dakika 6 hadi 8 ambacho umeshawahi kukipiga mbele za watu.

Beba nakala mbili za noti, moja yako na moja ya mgeni. Hesabu vipimo, zile nafasi kati ya mistari wima, uandike namba mwanzoni mwa kila mstari. Mgeni akisema "anza 47", uanze 47, si kuhesabu kwa kidole huku watu wanangoja. Tumia toleo la urtext, yaani linalofuata alichoandika mtunzi. Noti nyingi za bure za intaneti ni picha za matoleo ya zamani ambayo wahariri walijaza alama zao za pedali na nguvu ya sauti. Mgeni atauliza alama fulani imetoka wapi, na "ndivyo ilivyokuwa kwenye karatasi" si jibu.

Sasa kosa linalowaangusha wengi: kujua kipande kuanzia mwanzo tu. Vidole vimekariri barabara moja, vikikatizwa vinapotea. Weka vituo vinane ndani ya kipande na kila siku anza kwenye kila kimoja, bila mpangilio. Kisha piga mkono wa kushoto peke yake, kipande kizima. Ukishindwa, hukijui bado.

Siku yenyewe rekebisha benchi kwanza, viwiko viwe usawa wa vibonye, hata ikichukua dakika nzima. Vaa viatu ulivyofanyia mazoezi ya pedali. Mgeni akikusahihisha, jibu kwa kupiga. Fanya alichosema kwa kuzidisha, ili asikie kwamba umeelewa. Kupunguza ni rahisi baadaye. Usiseme "mwalimu wangu alinifundisha vingine", maana mwalimu wako amekaa safu ya tatu. Mwombe rafiki aandike namba za vipimo na maneno ya mgeni, kwa kuwa wewe hutakumbuka hata nusu. Ufanyie kazi daftari hilo kesho yake asubuhi, sauti ikiwa bado masikioni.

Waratibu nanyi sikieni. Masaa mawili ni wanafunzi watatu au wanne, si wanane. Wachagueni kwa utayari, si kwa mwaka wa masomo wala kwa kuwa ni zamu ya fulani. Na wanaokuja kusikiliza waje na noti mikononi. Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi wa Hungaria aliyeupa mtindo huu umaarufu kule Weimar, Ujerumani, kuanzia 1869, aliwafundisha wanafunzi wake wakisikilizana, na aliyeketi alikuwa darasani sawa na aliyepiga.

Piano ya ukumbini kwetu ni mbovu. Mgeni hawezi kutumia kinanda cha umeme chenye vibonye 88? (Kampala)

Kwa darasa la umahiri, hapana. Idadi ya vibonye si hoja. Vinanda vingi vya umeme vinajua pedali imekanyagwa au haijakanyagwa, wakati mgeni anataka kufundisha robo ya pedali na nusu yake. Sauti inatoka kwenye spika, kwa hiyo mguso ambao mtu anaufanyia kazi kwa miaka hausikiki. Piano ndogo ya kusimama iliyo katika hali nzuri, chumbani, viti 40, inafaa zaidi. Kama hata hiyo hamna, ahirisheni. Na mwandikieni mgeni mapema: aina ya piano, urefu wake, mara ya mwisho kutuniwa, pamoja na picha ya ndani. Kumficha hali ya piano mpaka afike ni kumvunjia heshima.

Nipige makofi wakati gani? (Wengi mno)

Mpiga piano anapotoa mikono kwenye vibonye na kusimama. Basi. Karatasi ya programu inaonyesha kipande kina sehemu ngapi, zihesabu. Kwenye sonata ya Beethoven iitwayo ya Mbalamwezi, mwishoni mwa sehemu ya kwanza mtunzi mwenyewe ameandika kwamba inayofuata ianze mara moja, na makofi hapo yanaivunja. Ila msikilizaji akipiga makofi mahali pasipo pake, msimzomee. Miguno yenu inaharibu zaidi ya makofi yake.

Wanaochapa programu bila kuandika sehemu za kipande wana lawama yao. Msikilizaji atahesabu nini?

Fundi mmoja ametuwekea balbu inayowaka ndani ya piano ya kusimama, mwingine anasema tuweke bakuli la maji. Nani yuko sahihi? (Tanga)

Bakuli la maji ni dawa ya nchi zenye hewa kavu. Tanga mnaongeza ugonjwa. Balbu ina mantiki, joto dogo hukausha, ni desturi ya zamani ya nchi za joto. Lakini haina kipimo, inaunguza sehemu moja, na iko jirani na sufu na mbao kavu. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha, kwa hiyo mnalipia umeme bure. Wekeni fimbo ya joto iliyotengenezwa kwa piano, yenye kidhibiti kinachoizima hewa ikikauka.

Jambo ambalo hamkuuliza: mtu yeyote asipulize mafuta ndani ya piano, si kwenye nyuzi zenye kutu, si kwenye vibonye vinavyonata. Mafuta yakifika kwenye ubao ulioshika vigingi vya kukazia nyuzi, vigingi havitashika tena, na piano hiyo haitakaa kwenye sauti hata ikituniwa kila siku. Fungueni pia kifuniko cha chini kila mwezi. Panya hupenda sufu ya nyundo na vibonye kwa matandiko.

Mbona programu za piano vyuoni kwetu ni watunzi wa Ulaya watupu? (Eldoret)

Kwa uvivu wa kutafuta. Muziki upo: J. H. Kwabena Nketia wa Ghana aliandika vipande vya kufundishia, Akin Euba wa Nigeria alieneza wazo la upigaji piano wa Kiafrika, unaochukua tabia za ngoma na marimba, na Joshua Uzoigwe, naye wa Nigeria, ana vipande vilivyojengwa juu ya ngoma za Waigbo. Agizeni noti halali miezi kadhaa mbele.

Vinapigwa vibaya kwa namna mbili. Kwanza pedali nyingi: mapigo ya ngoma yanazama kwenye mvuke, wakati yanataka sauti kavu. Pili kuongeza mwendo kila mkono wa kulia unapopata kazi. Pigeni mapigo ya mikono miwili kwa kupiga meza, matatu ya mkono mmoja dhidi ya mawili ya mwingine, mpaka yatulie, ndipo mguse piano. Mwalimu wa ngoma wa idara yenu akae nanyi kwenye mazoezi hayo. Ana mengi ya kuwaambia wapiga piano, na ni nadra kuitwa. Tena msiviweke mwisho kama peremende baada ya chakula. Viwekeni nusu ya kwanza, masikio yakiwa mapya. Kama mwanafunzi atapiga kimoja kwenye darasa la umahiri, mtumieni mgeni noti mwezi mmoja kabla.

Ni lazima kupiga bila noti? (Moshi)

Si lazima, isipokuwa kanuni za mtihani au shindano ziseme hivyo.

Nimeombwa kumgeuzia kurasa mpiga piano mgeni. Nifanye nini? (Morogoro)

Kaa kushoto kwake, nyuma kidogo, usionekane na usiguse benchi. Kabla ya onyesho muulize mambo matatu: anarudia sehemu zipi, ageuziwe mapema kiasi gani, na ishara yake ni ipi. Weka alama ya penseli kwenye marudio yanayorudi nyuma kurasa kadhaa, maana hapo ndipo watu hupotea. Kunja kidogo pembe ya juu ya kila ukurasa ili usishike miwili. Anapofika mstari wa mwisho kasoro mmoja, simama. Shika pembe ya juu kulia kwa mkono wa kushoto, mkono upite juu ya noti na si mbele ya macho yake. Akitikisa kichwa, geuza mara moja, kisha keti. Usivae bangili. Usifuate mapigo kwa mguu. Makofi yakianza baki umeketi, na uondoke jukwaani nyuma yake, ukiwa umechukua noti.