Kuomba shahada ya kwanza na udaktari kwa pamoja

Dada, umeuliza kama kijana wako, aliye darasa la 11 huko Texas, aombe tu programu zinazounganisha shahada ya kwanza na udaktari wa tiba, aachane na vyuo vya kawaida. Nisingemshauri hivyo, kwa kuwa nafasi ni chache mno na hata wanafunzi wenye alama za juu kabisa hukosa.

Programu hizi pia hazifanani. Ya Chuo Kikuu cha Brown huchukua miaka 8, haidai MCAT, yaani mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, na humwachia mwanafunzi uhuru wa kusomea hata historia akitaka. Ya UMKC, yaani Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City, huchukua miaka 6 tu, na humfikisha kwa wagonjwa akiwa bado mbichi, jambo ambalo si kila kijana wa miaka 18 analiweza.

Akiomba Brown kwa njia ya mapema inayomfunga, fahamuni kwamba akikubaliwa chuoni lakini akakosa nafasi ya udaktari, bado atatarajiwa kwenda huko. Kwa hiyo pigeni hesabu ya ada kabla ya kutia saini.

Insha ndizo zitakazomgharimu muda mwingi. Sentensi kama “napenda kusaidia watu” wasomaji wameichoka; aeleze badala yake alichokiona kwa macho yake, mathalani namna muuguzi alivyomgeuza mgonjwa aliyepooza kitandani, na swali lililomjia pale. Kama hajawahi kukaa karibu na wagonjwa, aanze kujitolea likizo hii.