Eksirei za shimo jeusi lenye njaa

Mkuu, umeuliza: kama shimo jeusi halitoi hata mwanga, eksirei zinatoka wapi, na mbona kuna mashimo yanayoonekana kwa shida? Hazitoki ndani. Zinatoka kwenye gesi inayolizunguka kabla haijamezwa. Inasuguana, inachemka, inang'aa.

Chukua A0620-00, shimo jeusi lenye nyota mwenza linalonyonya gesi yake, niliyokesha nayo wakati wa tasnifu yangu ya uzamili. Iligunduliwa Agosti 1975 na setilaiti ya Ariel 5, iliyorushwa Oktoba 1974 kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa hapa karibu na Malindi. Iliwaka ikashinda vyanzo vyote vya eksirei nje ya mfumo wa Jua, kisha ikafifia.

Mwaka 2000 darubini ya Chandra, ile ya eksirei iliyoko angani, iliitazama kwa saa 12 hivi na kuambulia fotoni (chembe za mwanga) zisizofika 200. Nilipofungua data hizo mara ya kwanza nilidhani nimekosea faili: skrini nyeusi tii, na nukta chache zimejikusanya mahali pamoja. Kila nukta ni fotoni moja iliyosafiri zaidi ya miaka 3,000. Nilizifunga mafungu ya tano tano nikatumia khi-mraba, kipimo cha kawaida cha kulinganisha modeli na data, na majibu yakaja yamepinda. Kwa fotoni chache namna hii tumia takwimu ya Cash, kipimo kinachofaa hesabu ndogo. Mimi ilinigharimu wiki tatu kulijua hilo.

Uhafifu wenyewe hautokani na uhaba wa gesi peke yake. Gesi ikiwa nyembamba mno, protoni na elektroni hazigongani vya kutosha. Joto jingi linabaki kwa protoni, ilhali zinazotoa mionzi ni elektroni. Basi joto hilo linazama shimoni pamoja na gesi, au linapeperushwa nje. Nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito mno kinachobaki nyota kubwa ikilipuka, haiwezi kulificha hivyo, maana ina uso: gesi ikiugonga, joto lazima litoke. Na kweli, ukilinganisha jozi zilizotulia (shimo jeusi au nyota ya nyutroni pamoja na nyota mwenza) zinazozungukana kwa saa zinazokaribiana, zile za nyutroni hung'aa mara kumi hata mia zaidi. Kwangu mimi giza hilo ni ushahidi mzito kwamba pale hakuna uso wowote.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, data za Chandra na programu yake ya CIAO ni bure. Usianze na A0620-00. Anza na V404 Cygni, shimo jeusi jingine lenye nyota mwenza, ambayo hata ikiwa imetulia inakupa fotoni za kutosha kuchora spektra (mgawanyo wa fotoni kwa nishati) ya maana.