Wasomaji Wanauliza: Gofu la Msikiti Tulipige Saruji?

SWALI: Hapa kwetu pwani ya Kilwa tuna gofu la msikiti wa mawe ya matumbawe. Ukuta wa kibla unapukutika na mti umeota juu yake. Tumechanga fedha za kununua saruji tuupige lipu. Mnashauri nini?

JIBU: Ndugu zetu, fedha hizo msinunulie saruji. Jiwe la matumbawe hunywa maji ya mvua na unyevunyevu wa ardhini, kisha huyapumua kupitia chokaa iliyo baina ya mawe. Saruji huziba njia hiyo. Maji yanabaki ndani, na chumvi yake ikikauka huwa chembechembe zinazolipasua jiwe. Lipu utaiona nzima, kumbe nyuma yake jiwe limekuwa unga. Chokaa ni laini kuliko jiwe, hivyo huliwa yenyewe kwanza, na kuirudishia ni kazi ya mwiko tu.

Pigeni picha kila upande, mkaombe kibali cha Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kugusa chochote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863.

Mti msiung'oe, utatoka na mawe. Ukateni shina, mizizi iliyo ndani muiache ife, kisha jazeni nafasi kwa vijiwe na chokaa.

Chokaa iliyochomwa imwagiwe maji na ilale shimoni miezi mitatu au zaidi. Changanyeni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Mchanga wa ufukweni una chumvi ileile mnayoikimbia. Kwangueni viungo vilivyolegea, lowesheni ukuta, shindilieni chokaa kidogo kidogo, kila tabaka lisizidi sentimita 2. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: wanaacha jua likaushe. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, nayo huivuta vizuri chokaa ikiwa bado na unyevu. Funikeni kwa magunia mabichi wiki nzima.

SWALI: Sakafu ya kale iliyochimbuliwa na watafiti, ijengewe paa au ifukiwe?

JIBU: Kama hakuna mlinzi wala fedha za matunzo kila mwaka, ifukieni. Lakini si kwa udongo wowote. Nyayo za Laetoli, alama za miguu ya binadamu wa kale huko kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa 1978, zilifukiwa mwaka uliofuata kwa mchanga uliobeba mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikashuka kuelekea kwenye nyayo. Ilibidi zifukuliwe sehemu kwa sehemu, 1995 na 1996, mizizi itolewe, kisha zifunikwe upya kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa vinavyopitisha maji na kuzuia mizizi, na mawe ya volkano juu. Kwenu pia mchanga uchekechwe, kitambaa kitandikwe, juu pawe na mwinuko ili maji yasituame. Baada ya kila masika, ng'oeni miche ingali michanga.