Njia ya samaki ikichakaa, anza kuitazama kutoka chini ya bwawa

Mdogo wangu unayeanza kazi kwenye mito inayomwaga maji Ziwa Victoria, siku utakayopewa njia ya samaki ya kukarabati, yaani ngazi ya vidimbwi inayowavusha samaki kwenye ukuta wa bwawa, utakabidhiwa michoro ya zege: nyufa, nondo zilizoliwa na kutu, mageti yasiyofunga. Iweke pembeni kwanza. Subiri mvua, mto ujae, kisha kasimame chini ya bwawa utazame samaki wanajikusanya wapi.

Samaki anayepanda hufuata mkondo wenye nguvu. Maji mengi yakitokea upande mmoja na mlango wa njia ukatoa kijito tu upande wa pili, atahangaika mbele ya ukuta na mayai yake tumboni. Inaniuma kuona vidimbwi vya zege vimejengwa upya kwa fedha nyingi huku mlango umeachwa palepale ambapo samaki hafiki. Na pengine ulikuwa sahihi ulipojengwa. Bwawa hunasa mchanga, maji yanayotoka huchimba sakafu ya mto, usawa wake hushuka mwaka hadi mwaka, mwishowe mlango unaning'inia juu ya maji. Hapo ongeza vidimbwi upande wa chini kabla hujagusa ufa wowote.

Pili, jua unamjengea nani. Ngazi za bwawa la Bonneville, mto Columbia nchini Marekani, zilizoanza kazi mwaka 1938, zilikuwa za samoni, na samoni huruka. Sisi tuna ningu, kuyu, nembe na kambare. Ukiacha mwanguko wa sentimita 30 kati ya kidimbwi na kidimbwi, maji hupita kwa takriban mita 2.4 kwa sekunde. Ukiupunguza hadi 10, hushuka hadi 1.4. Gharama yake ni vidimbwi mara tatu: ukuta wa mita 3 utadai 30 badala ya 10. Mhasibu atalalamika. Mwoneshe hesabu hiyo, usikubali kukata. Kuta zipasuliwe mwanya wima kuanzia sakafuni, na sakafu ipigwe mawe ili kambare apate maji ya taratibu.

Wavuvi wazoefu wa Magu, mto Simiyu unapoingia ziwani, watakueleza ningu anapanda lini kuliko ripoti yoyote. Kaa nao. Ningu aliporomoka kabla sangara hajatawala ziwa, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito wakati akipanda zilichangia sana. Njia yako inawabana samaki wote mahali pamoja, kwa hiyo kubaliana na kijiji na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) mapema kwamba hapatategwa wavu wala mgono mlangoni, juu wala chini.

Usisahau wanaorudi ziwani: weka wavu wa chuma mbele ya mitambo na njia ya kuwapitisha pembeni.

Mwisho, msomaji wako mkuu ni mwendesha mageti. Mvua za kwanza ndizo anazotaka kuzihifadhi bwawani, na ndizo ningu anazozisubiri. Kiwango cha maji ya njia kiandikwe kwenye ratiba yake ya kazi, kwa Kiswahili, na alama ipakwe rangi ukutani pale anaposimama.