Jikoni Bila Nyama: Mmeuliza, Tunajibu

Swali: Nimeamua kupunguza nyama, tule siku mbili tu kwa wiki. Kinachonishinda ni maharagwe. Naloweka usiku kucha, nachemsha kwa saa tatu nzima, na bado mengine yanabaki kama kokoto. Huwa natia nyanya na ndimu mapema ili ladha iingie. Nakosea wapi? – *Mama wa watoto watatu*

Jibu: Kosa umelitaja mwenyewe, mama: ni hizo nyanya na ndimu. Punje ya haragwe imeshikamanishwa na pektini, ambayo hulegea ndani ya maji ya moto. Ukitia kitu kichachu, pektini inagoma kulegea hata uchemshe mpaka kesho. Nyanya, ndimu, ukwaju na siki vyote visubiri hadi maharagwe yaive kabisa. Yapime hivi: toa punje tano, siyo moja, kwa sababu haziivi pamoja. Bonyeza kila moja kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Zote zikipondeka bila kiini kigumu katikati, endelea kuunga.

Chumvi nayo inasingiziwa. Wengi wanaamini ikitiwa mapema hukaza maharagwe, lakini ukweli ni kinyume chake. Loweka kwenye maji yenye chumvi gramu 15 kwa kila lita, yaani kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, kwa saa 8 hadi 12. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi huchukua nafasi ya kalsiamu na magnesi katika ganda, ganda likalainika na punje zikaiva bila kupasuka ovyo. Kukiwa na joto, weka bakuli kwenye friji, la sivyo asubuhi utakuta povu na harufu ya uchachu. Mwaga maji hayo, suuza, na upike kwa maji mapya.

Kama umefanya yote hayo na bado ni magumu, basi maharagwe yamezeeka ghalani kwenye joto na unyevu, au maji yako yana chokaa nyingi. Hapo tia magadi soda robo kijiko cha chai kwa lita mbili za maji. Usizidishe: mchuzi utapata ladha ya sabuni, punje zitavurugika, na vitamini B1 itaharibika.

Jambo moja si la mzaha. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu iitwayo fitohemaglutinini, na punje chache tu zisizoiva zinatosha kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache. Yaache yatokote kwa nguvu dakika 30 kamili, ndipo upunguze moto. Kuyapika kwa moto mdogo usiofika kuchemka ni hatari kuliko watu wanavyodhani, maana joto hafifu linaweza kuizidisha sumu hiyo.

Swali: Nikipika bila nyama, mchuzi unakuwa kama maji ya moto na watoto wanasusa. Nifanyeje? – *Mpishi wa nyumbani*

Jibu: Mchuzi wa nyama unasifiwa kwa ukahawia wa kukaanga, mafuta, na ule utamu mzito unaobaki ulimini. Vyote hivyo vinapatikana kwenye mboga, ila havitokei kwa kuchemsha.

Chukua uyoga gramu 250, ukatekate, utandaze kwenye kikaango kipana chenye moto, bila mafuta wala chumvi. Usiurundike. Uyoga kwa sehemu kubwa ni maji, na ukirundikana unajichemsha badala ya kukaangika. Sikiliza: mwanzo utatokota kwa sauti nzito, kisha maji yakikauka sauti inageuka kuwa ya kuchachatika. Hapo ndipo unatia mafuta na chumvi, na kuacha upande mmoja ushike rangi kabla ya kugeuza. Weka pembeni.

Kwenye kikaango hicho hicho kaanga vitunguu viwili kwa moto wa wastani, dakika 15 hadi 20. Ongeza nyanya ya kopo vijiko viwili vya chakula na uikaange mpaka wekundu wake ufifie uwe wa rangi ya matofali na mafuta yaanze kujitenga. Wengi huharakisha hapa, na ndipo mchuzi unapokosa nguvu. Mimina maji kidogo, kwangua ukoko wote chini, maana ladha imelala humo, kisha rudisha uyoga na maharagwe yako.

Kwa watoto, usiiondoe nyama ghafla. Changanya nyama ya kusaga gramu 250 na kiasi hicho hicho cha dengu za kahawia zilizoiva na kuchujwa vizuri. Dengu zikibaki na maji, mchanganyiko hautashikana.

Swali: Mume wangu anasema akikosa nyama atapungukiwa nguvu na damu. Ana haki? – *Msomaji*

Jibu: Kwa nguvu, hapana. Mtu mzima huhitaji protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mwenye kilo 70 anahitaji gramu 56. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina takriban gramu 15, cha dengu 18, na nafaka za siku nzima huongezea.

Kwa damu, hofu yake ina msingi. Madini ya chuma ya kwenye mimea hufyonzwa kwa shida. Mlo uwe na matunda au mboga zenye vitamini C, na chai au kahawa isogezwe saa moja mbali na chakula. Anayeacha nyama, samaki, mayai na maziwa kabisa lazima atumie vidonge vya vitamini B12 au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo.

Mwonyeshe pia upande wa pili: mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliziweka nyama za kusindika kama soseji katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Aanze kupunguza hizo.

Swali: Wiki ya kwanza ya kunde na maharagwe, tumbo limejaa gesi. Niache?

Jibu: Usiache, punguza. Anza na nusu kikombe siku moja baada ya nyingine, kunywa maji ya kutosha, na ongeza kidogo kidogo kwa wiki tatu.