Klova Chini ya Kabichi

SWALI: Bwana Shamba, shikamoo. Nina matuta sita ya mboga nyuma ya nyumba, kila tuta likiwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 1, na kila mwaka mvua za Januari na Februari huchukua udongo mpaka mizizi ya kabichi inabaki wazi. Mpwa wangu amenishauri nioteshe klova katikati ya mboga, akisema itashika udongo na kuutia mbolea bila gharama. Nilipomwuliza inafananaje, alisema ni mmea mdogo wenye vijani vitatu vitatu, nami nikakumbuka kwamba mmea wa namna hiyo umejaa bustanini mwangu na kila nikiung'oa unarudi. Je, niuache tu? Na kama nitapanda klova yenyewe, niipande wapi, niifukie lini, na mbuzi wangu wanaweza kuila?
Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hatujafika kwenye mbegu, chuma kijani kimoja cha mmea huo, kitafune kidogo, kisha ukiteme. Ukisikia uchachu kama wa ndimu, hiyo si klova hata kidogo, bali ni oksalisi, gugu ambalo limewasumbua wakulima wengi wa nyanda za juu. Chimba shina moja taratibu, nawe utaona chini yake vitunguu vidogo vidogo vinavyokatika na kubaki udongoni kila unapolivuta, na kila kimoja huchipua mmea mpya, ndiyo maana linarudi. Oksalisi si jamii ya mikunde wala haiongezi mbolea yoyote, kwa hiyo usiiache. Ing'oe kwa jembe uma wakati udongo una unyevunyevu, uokote vile vitunguu na kuvianika juani mpaka vife, wala usivitupe kwenye shimo la mboji. Klova ya kweli ina vijani vya mviringo vyenye meno madogo sana ukingoni, mara nyingi vikiwa na alama nyeupe katikati, na maua yake hukusanyika pamoja kama kifungo cha shati.

Mpwa wako hakukosea kuhusu udongo. Klova hupenda ubaridi, na kwa mwinuko wa Njombe, unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, itastawi vizuri, jambo ambalo nisingemwambia msomaji wa Tanga au Kilwa. Iko hata klova nyeupe iliyo ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambayo hutambaa na kufunika ardhi kama mkeka. Ila hilo la mbolea bila gharama linahitaji maelezo. Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi hunasa naitrojeni, kirutubisho cha mimea, kutoka hewani na kuipatia klova yenyewe, na sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hubaki ndani ya mmea mpaka ukatwe na kuoza. Klova iliyo hai pembeni ya kabichi changa ni mshindani wake wa maji na mwanga kuliko ilivyo mlishaji.

Kwa sababu hiyo ningekushauri uipande mahali pawili: kwenye njia zilizo kati ya matuta, ambako ndiko maji hupata kasi ya kubeba udongo, na kwenye tuta moja au mawili unayoyapumzisha kwa msimu mzima. Ukitaka kuiweka chini ya kabichi, subiri wiki nne hivi baada ya kupandikiza miche, palilia vizuri, ndipo usie. Chini ya karoti na vitunguu usijaribu, kwa kuwa majani yao ni membamba na yatafunikwa.

Mbegu za klova ni ndogo mno. Tuta lako moja linatosheka na gramu 10, yaani kama vijiko viwili vya chai, ambazo utazichanganya na mchanga mkavu ili zisambae sawasawa, kisha uzifukie kwa kina kisichozidi sentimita 1. Udongo wenye tindikali nyingi hauifai, kwa hiyo tia chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla. Muulize pia muuzaji kama mbegu zimepakwa bakteria wa klova, kwa sababu wale wa maharage hawaifai klova. Baada ya miezi miwili chimba mche mmoja na upasue kinundu kwa ukucha: rangi ya waridi ndani inaonyesha kwamba kazi inafanyika, lakini kikiwa cheupe au kijivu, klova hiyo inajilisha kutoka udongoni mwako kama gugu lolote.

Kama nyanya zako zimewahi kushambuliwa na minyoo fundo, yaani minyoo wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi, usipande klova bali panda marejea, mmea mwingine wa kurutubisha udongo, kwani klova huwahifadhi minyoo hao, ilhali marejea huwapunguza. Vinundu vya kawaida hubanduka kwa kidole, lakini fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Tuta lililopumzika likate linapoanza kuchanua, kabla shina halijawa gumu. Fukia majani juujuu, kisha ungoje wiki tatu mpaka nne kabla ya kupanda, kwa kuwa majani yanayooza huozesha miche na huvutia sota, yaani viwavi wanaokata miche.

Mbuzi wanaila sana, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mbuzi mwenye njaa akiingia kwenye klova mbichi yenye umande tumbo hujaa gesi, naye anaweza kufa siku hiyohiyo. Ikate, uiache inyauke nusu siku, uwape kidogo baada ya kula majani makavu, na njia za bustani uzizungushie uzio.