Muulize Mwalimu: Baba anataka Mtwara, mjomba anataka Mlimani

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa HGK. Kiswahili nimepata B, Historia D, Jiografia D. Nataka kuwa mwalimu wa sekondari. Baba anasema nisome Stella Maris, Mtwara mjini, nisikae mbali na nyumbani. Mjomba wangu wa Dar anasema kama si Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nisihangaike, nitarudi kuokota korosho na digrii yangu. Rafiki zangu nao wananiambia ualimu wa arts umejaa. Dirisha la udahili liko wazi na kichwa kinaniuma. Nichague chuo gani?
Binti wa Newala

Marahaba binti yangu, na hongera kwa hiyo B ya Kiswahili. Baba yako na mjomba wako wanagombania jina la chuo. Mimi naona swali lako la kwanza ni jingine: utafundisha nini? Mwalimu wa sekondari mwenye digrii huandaliwa kwa masomo mawili. Hayo mawili ndiyo yatakayokuamsha alfajiri miaka thelathini ijayo. Kiswahili nakiona wazi. La pili ni lipi, Historia au Jiografia? Zote umepata D, kwa hiyo matokeo hayakuamulii, jiamulie mwenyewe. Kumbuka tu kwamba Jiografia utaifundisha kwa Kiingereza. Kwenye mtaala mpya ulioanza 2024 kuna Historia ya Tanzania na Maadili, na hiyo hufundishwa kwa Kiswahili. Mtu anayependa Kiswahili kama wewe hilo alitazame vizuri.

Sasa alama. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, inahesabu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kiwango cha chini ni alama 4 kwa masomo mawili. Wewe una 4 na 2, jumla 6. Zinakufikisha mlangoni, ila kiti hazikuhakikishii, maana penye waombaji wengi wanaanza kuchukua wenye alama za juu. Usiombe Mlimani peke yake kwa sababu mjomba kasema.

Na mjomba mwambie kwa heshima (yeye ni mjomba) kwamba DUCE pale Chang'ombe na MUCE kule Iringa ni vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Vilikuwa na kazi ya ualimu hata kabla ya hapo, na digrii inayotoka huko ni ya chuo kikuu hichohicho. Akitaka jina, jina lipo. Iringa tu ujiandae na baridi. Mtoto wa Newala anayedhani anaijua baridi ya mlimani, Iringa itamfundisha upya. Dodoma nayo, UDOM, ina walimu wengi wanaosoma pale.

Baba naye hajakosea. Stella Maris ipo tangu 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na kusoma karibu na nyumbani ni hela. Gunia la mihogo linafika, ukiugua mama anafika. Wanaokwenda Dar bila chumba huishia kubebana, wawili kitanda kimoja, huku wakisubiri bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, ambalo halina tarehe. Lakini Stella Maris ni chuo cha binafsi. Kaa na baba mpige hesabu kabla ya kuomba: ada yote ni kiasi gani, Bodi ya Mikopo ikitoa sehemu tu, pengo atalijaza nani? Najua jibu la baba wa huku, "korosho zitalipa". Minada huanza Oktoba, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Mhasibu wa chuo haelewi habari ya stakabadhi ghalani, kwamba korosho ziko ghala na mkulima anangoja mnada ndipo alipwe. Nimeona mtoto anakosa mtihani kwa sababu malipo ya mnada wa kwanza yalichelewa wiki tatu. Kama ni Stella Maris, fedha ya muhula wa kwanza itokane na korosho za mwaka jana, au na mbuzi.

Lakini yote hayo kwangu ni ya pili. Chuo cha ualimu mimi nakipima kwa mazoezi ya kufundisha, hiyo mnayoita TP. Nikueleze kwa nini.

Mimi nilianza na stashahada, kwenye chuo nisichokitaja. Wakati wa mazoezi mkufunzi alinitembelea mara moja. Alikaa nyuma ya darasa dakika kumi, akasaini, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Nikafaulu. Nikapangiwa shule huko kwenu Newala, somo Jiografia, na wiki ya tatu nikafika kwenye mistari ya kontua, ile ya ramani inayoonyesha miinuko. Nikachora ubaoni mviringo ndani ya mviringo kama kitunguu kilichokatwa. Watoto arobaini na kitu wakanitazama tu. Watoto ambao kila jioni waliteremka bondeni kuchota maji na kupanda na ndoo kichwani, hawakujua kwamba ninachochora ni ule mteremko wanaoujua kwa magoti! Mimi mwenyewe sikujua namna ya kuwaonyesha. Andalio la somo nililijaza vizuri, zana niliandika "ubao na chaki".

Aliyeniokoa ni mwalimu mwenzangu wa kike, mkubwa kwangu. Aliniambia, "Watoe nje mdogo wangu, wapeleke Shimo la Mungu." Tukaenda. Ukisimama pale unaona uwanda umekatika na bonde la Ruvuma limelala chini. Nikawaambia wachore wanachoona: mteremko ulipo mkali mistari ikaribiane, ulipo mpole iachane. Ile siku ndiyo niliyokuwa mwalimu. Mwalimu yule alichonifunza kwa saa moja, chuo kilikuwa na miaka miwili ya kunifunza. Baadaye nilisoma digrii Chuo Kikuu Huria huku nafundisha, kwa taa ya chemli, nikisafiri kwenda Mtwara kufanya mitihani. Vitabu vilinisaidia. Darasani nilikuwa nimeshaumia.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii. Nenda shule mbili tatu za sekondari za jirani, uwaone walimu vijana waliomaliza vyuo hivyo. Waulize: TP ilikuwa ya wiki ngapi? Ulitembelewa mara ngapi? Aliyekuja alikuwa wa somo lako, au wa Historia alikuja kumkagua wa Kemia? Alikaa nawe chini baada ya kipindi? Kisha mwone mkuu wa shule, umuulize wanafunzi wa chuo gani wakija mazoezini anafurahi, na wa chuo gani wakija anaficha ratiba. Wakuu wa shule wanajua. Sisi walimu midomo haifungi.

Jihadhari pia na majina ya kozi. Digrii ya ualimu wa elimu ya awali, au ya saikolojia, ni digrii halali, ila wewe unataka kusimama mbele ya kidato cha pili. Hakikisha kozi ina masomo yako mawili ya kufundishia, uyaone yameandikwa.

Kuhusu arts kujaa: ni kweli, na sitakupaka asali. Walimu wa sayansi na hisabati ndio wanaotafutwa. Siku hizi wanaotaka ualimu wa serikali huomba kupitia Sekretarieti ya Ajira na kufanya usaili. Mwaka 2025 walifanyiwa usaili maelfu kwa maelfu, wengine wakiwa wamekaa nyumbani miaka. Mkopo nao hurudishwa kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukiyajua haya na bado unataka kufundisha, basi endelea. Mimi ningeomba DUCE, MUCE na Stella Maris, kwa mpangilio huo, na ningefuata chuo kitakachonipokea ambacho hesabu yake baba ameikubali.

Mwalimu, kijana wangu amepata PCB: Biolojia D, Kemia D, Fizikia E. Anataka ualimu, mimi naona ajaribu udaktari mwakani. Unasemaje?
Baba, Liwale

Ndugu yangu, D mbili ni alama 4, anaingia kwenye kiwango cha TCU. Wewe na mimi tunajua kwamba udaktari kwa alama hizo ni ndoto ya mchana. Mwalimu wa Kemia na Biolojia anatafutwa hadi vijijini. Na mtoto amesema mwenyewe, bila kusukumwa, jambo ambalo mimi katika utumishi wangu nimelisikia mara chache. Cheti chake cha kuzaliwa kipelekwe kuhakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, sasa hivi, maana Bodi ya Mikopo wataitaka hiyo namba, na fomu ya mkopo inahitaji sahihi ya serikali ya kijiji na ya wakili au hakimu. Msingoje siku ya mwisho, mtandao wa Liwale unaujua.